Wakaguzi Hawali

JUMANNE, SAA KUMI ALASIRI

Chumba cha nyuma cha duka la soseji la Fiore Talarico kilinuka kitunguu saumu na jasho. Soseji zilining'inia juu ya vichwa vyao. Katikati kulikuwa na meza ya kukatia nyama, na juu ya meza, mchoro wa ghorofa ya sita.

"Tena," alisema Fiore.

Dewey Pruitt alikoroma. "Mzee, tumerudia mpaka taya zinauma."

"Tena."

Hakuna aliyebishana na Fiore mara mbili. Alikuwa na tumbo la mwenye duka na mikono ya mchinjaji, na sehemu nzuri ya ujana wake aliiacha nyuma ya nondo za gereza la Fort Madison. Huku kwetu kusini mwa Des Moines, walikojazana Wakalabria, Waitalia wa kusini, tangu enzi za migodi ya makaa, watu walimwamkia kwanza ndipo wakaendelea na safari zao.

"Tunaingia asubuhi, saa tatu," Dewey alianza, kama mtoto anayesomeshwa sala. "Suti za kahawia. Vitambulisho vya Idara ya Bima. Sisi ni wakaguzi wa jimbo, tumekuja kuikagua Bima ya Maisha ya Ellsford. Wakaguzi wenyewe wanafika saa saba mchana. Tukiwa bado ndani saa saba, tumekwisha."

"Wakituuliza mbona mapema?" aliuliza Fiore.

"Hawaulizi," alidakia Darlene Hoekstra. "Wakaguzi huwahi makusudi, wakukute hujajipanga. Na mkuu wao wa zamani kastaafu. Timu mpya hakuna anayeijua sura."

Darlene alifanya kazi Ellsford miaka mingi, kwenye chumba cha chuma wanamohifadhi mali, mpaka walipomtimua vuli iliyopita. Kisa hakukisema na hawakumuuliza. Alikuwa Mholanzi wa mji wa Pella, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Mchongo ulikuwa wake. Fiore aliuwekea miguu tu.

Kwenye chumba kile cha chuma kulikuwa na masanduku tisa ya bati. Ndani ya masanduku, hati fungani zisizoandikwa jina la mtu. Anayeishika ndiye mwenyewe. Unapanda gari hadi Chicago, unaiuza, unarudi ukiwa tajiri. Hati zile ndizo zilizosimama nyuma ya kila bima ya kampuni, na ndizo ambazo jimbo huja kuzitazama kwa macho, ili mtu akifa mjane wake asiambiwe njoo kesho.

"Jambazi akiingia, wanapiga kengele," alisema Fiore. "Mkaguzi akiingia, wanamvutia kiti. Akisema masanduku haya yanakwenda hazina ya jimbo, anaandika stakabadhi, na wanamsaidia kubeba. Sasa nataka mjue mkaguzi anakaaje. Darlene, waambie."

"Mkaguzi hagusi hati. Bi. Edna, mtunza ufunguo, ndiye anayezitoa na kuzifunua, wewe unasoma namba, unaweka alama. Hatanii. Haulizi habari za watoto. Na hali kitu cha kampuni, hata maji. Anakuja na chupa yake ya kahawa. Bi. Edna ataleta mikate ya mdalasini, huioka mwenyewe kila ukaguzi, na kila ukaguzi wanakataa. Ni kama kuamkiana. Yeye anakaribisha, nyinyi mnakataa, kazi inaanza."

"Mikate ya mdalasini," Dewey alisema kwa huzuni ya kweli.

"Wewe ndiye ninayekuogopa," Fiore alimnyooshea kidole. "Ukilamba hata kidole, nakukata huo ulimi niutie kwenye soseji."

Walicheka. Lyle Amdahl, mjukuu wa Wanorwei walao samaki mkavu, hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kreti tangu walipoingia. Kiwanda cha nyama kilikuwa kimemwachisha kazi, na tanuri la kupashia nyumba ya mama yake lilikuwa limekufa katikati ya Februari. Hayo ndiyo yaliyomleta kwenye kreti lile.

"Na wenye bima?" aliuliza.

"Wamefanya nini?"

"Mama analipwa na Ellsford. Tangu Baba afe. Kila tarehe mosi hundi inaingia. Hana kingine, mzee."

Fiore alizunguka meza, akamwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito na wa moto. "Bima nayo ina bima yake, Lyle. Wanaibiwa kesho, wanalipwa keshokutwa. Umeliona jengo lao? Umeziona nguzo? Mama yako hatajua kama kulikuwa na wizi mpaka asome gazetini."

Lyle alimtazama Darlene amsaidie neno. Darlene alikuwa anakunja mchoro.

JUMATANO, SAA TATU ASUBUHI

Theluji ilikuwa imeacha kudondoka lakini chumvi ya barabarani ilikuwa imepaka kila gari rangi ya majivu. Darlene alilishusha gari hadi maegesho ya chini ya jengo na hakuzima injini. Alivaa kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi.

"Kabla ya saa sita muwe hapa," alisema. "Siwasubiri mkitaka kula chakula cha mchana."

Walipanda na lifti. Dewey alijigusa kwapani, palipolala bastola. Fiore aliupiga mkono ule bila kumtazama.

Mambo yalikwenda kama siagi. Msichana wa mapokezi aliona vitambulisho, akasimama wima. Mtu wa hesabu alitoka mbio akifunga tai. Hakuna aliyeuliza lolote. Lyle alishangaa jinsi watu walivyomwogopa. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwogopa, hata mbwa. Suti ilimbana mabegani na jasho lilimtiririka mgongoni, na bado wakamwita bwana.

Chumba cha chuma kilikuwa na mlango mzito uliobaki wazi mchana kutwa, na mbele yake mlango wa nondo ufungwao kwa ufunguo mmoja. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Bi. Edna Krambeck. Kibibi kifupi, nywele nyeupe zimebanwa kwa pini, sweta la kufumwa, viatu vya kimyakimya. Darlene alikuwa amewaambia kwamba Bi. Edna hajawahi kukosa kazini ila siku aliyomzika mumewe.

"Karibuni, mabwana," alisema. Juu ya kimeza palikuwa na sinia limefunikwa kitambaa. Alifunua. Harufu ilijaa chumba kizima. "Nimeamka alfajiri kuwaokea. Bado ina joto. Karibuni."

"Asante, mama, hapana," alisema Lyle, kama alivyofundishwa.

"Hapana, mama," alisema Dewey, na maskini, sauti ilimkatika.

Bi. Edna akamgeukia Fiore, akamsogezea sinia kwa mikono miwili.

Sasa lazima mwelewe watu wa kusini mwa jiji. Mama yake Fiore alikuwa anasimama nyuma ya kiti chako mpaka umalize sahani. Ukimkataa bibi kizee chakula alichokipika kwa mikono yake, umemtemea mate yeye na mji wake wote. Fiore alishawahi kumvunja mtu mbavu asubuhi na mchana akaketi mezani kwa mama wa mtu huyohuyo, akala, kwa sababu alikaribishwa. Hakuwa anafikiri. Alikuwa anatazama namba kwenye masanduku, sinia likaja, sauti ya mama mzee ikasema bado ina joto, na mkono ukaenda wenyewe.

Alitafuna. Alimeza.

"Mungu akubariki mikono, mama," alisema.

Bi. Edna alibaki na sinia hewani. Dewey alimkodolea macho mkubwa wake kwa wivu na ghadhabu. Kisha Bi. Edna akafunika sinia polepole.

"Nashukuru," alisema. "Nitarudi sasa hivi, mabwana." Akafunga mlango wa nondo, wao wakiwa nje yake, akaondoka bila kuharakisha.

"Mzee!" Dewey alinong'ona. "Umekula!"

"Funga mdomo."

"Eti ulimi wangu kwenye soseji! Umekula!"

"Nimesema funga mdomo." Fiore alijifuta sukari kwenye masharubu. Kwa mara ya kwanza tangu Lyle amfahamu, Fiore alionekana kama mtu aliyesahau alikoweka kitu. "Tunakaa. Tukikimbia sasa ndiyo tumejitangaza."

Walikaa. Mabomba ya joto yaligonga ukutani, kimya, yakagonga tena. Lyle alikihesabu kila kishindo cha miguu koridoni kuwa cha askari.

Bi. Edna alirudi peke yake. Uso wake haukusema kitu. Alifungua nondo, akavaa glavu zake nyeupe, akatoa sanduku la kwanza.

"Tuanze," alisema.

SAA NNE NA NUSU

Lyle alisoma namba mpaka macho yakamwasha. Bi. Edna alifunua, yeye akaweka alama, Bi. Edna akageuza. Kila hati ilikuwa na safu za kuponi pembeni, vipande vidogo vya kukatwa kwa mkasi. Kila nusu mwaka unakata kimoja, unakipeleka benki, unalipwa riba. Kwenye sanduku la kwanza kuponi zilikuwa zimekatwa safi. La pili, safi. La tatu, safi.

Sanduku la nne, kuponi zote zilikuwepo.

Lyle aliitazama tarehe. Hati ilikuwa ya zamani, ya wakati yeye angali jeshini. Aligeuza jicho kwa ya pili, ya tatu. Hakuna mkasi uliowahi kugusa. Ni nani huyo mwenye riba ya miaka yote hiyo, asiende kuichukua?

"Bi. Edna," alisema taratibu, "mbona hizi hazijakatwa?"

Mikono yenye glavu ilisimama.

"Bwana Ellsford alisema kuanzia la nne atakata mwenyewe," alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi ni mtu wa kufungua na kufunga tu, bwana."

Karatasi ilikuwa nyororo mno. Hata harufu yake ilikuwa ya duka la vitabu. Lyle alitaka kuigusa akakumbuka mkaguzi hagusi. Kabla hajasema neno, msichana wa mapokezi alitokea kwenye nondo.

"Bwana Ellsford anaomba kuonana na mkaguzi mkuu. Juu, ofisini kwake."

Dewey aliingiza mkono ndani ya koti. Fiore alimkata jicho. "Wewe baki. Lyle, twende."

Prescott Ellsford alikuwa na nywele za fedha na tabasamu la mtu ambaye hajalala. Aliwakaribisha viti, akamimina kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri. Fiore, sasa akiwa hana cha kupoteza, akainywa. Mabega ya Ellsford yalishuka.

"Nimeambiwa umeionja mikate ya Edna," alisema. "Unajua, miaka yote hii nimeletewa watu wa mbao. Nikajisemea, leo jimbo limenitumia binadamu."

Fiore alikunja mikono tumboni. "Mimi ni binadamu."

"Basi tuongee kibinadamu." Ellsford alifungua droo, akaweka bahasha ya kampuni mezani. Ilikuwa nene. "Masanduku matatu ya kwanza ni safi. Yakague mpaka uchoke. Hayo mengine... macho ya mtu mzima hupita haraka."

Lyle alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kuitoa. "Ni ya bandia."

"Ni ya muda," alisema Ellsford. "Palikuwa na mashamba Arizona, hayakwenda vizuri. Zitarudi."

"Na wenye bima mnawalipa na nini?"

"Na ada za wanaojiunga. Na nikibanwa, nauza kidogo kutoka yale matatu. Yatatufikisha Krismasi, na hapo tutakuwa tumejua mbele na nyuma. Kijana wako ni mkali, mzee."

"Ni mgeni kazini," alisema Fiore, na bahasha ikaingia kifuani mwake. "Lakini siwezi kurudi mikono mitupu, wakubwa wangu watanusa. Nipe yale matatu safi niyapeleke hazina ya jimbo, nikuandikie stakabadhi. Yale sita nitaandika nimeyaona."

Ellsford alifikiri. Stakabadhi ya jimbo ingemfunika mpaka ukaguzi mwingine. "Chukua," alisema, na akampa mkono.

SAA TANO

Koridoni Fiore alikuwa anatetemeka kwa kicheko alichokizuia. "Tumemkuta mwizi nyumbani, Lyle! Katuwekea na nauli!"

"Mzee, yaacheni yale masanduku."

"Nini?"

"Chukueni bahasha. Yale matatu yabaki. Hakuna kingine mle. Tukiyabeba, mama yangu hana hundi tena. Si mwezi ujao, wala mwaka ujao. Na Bi. Lucia wa kona. Na mama yako mdogo, naye si yuko Ellsford?"

Kicheko kilikwisha. Fiore alimshika ukosi, si kwa nguvu, kama anayeunyoosha. "Mama mdogo ana mimi. Mama yako ana wewe, na wewe utakuwa na fungu lako. Huyu tajiri atayauza hata tukiyaacha. Kwa hiyo ale yeye au tule sisi?"

"Wakaguzi wanakuja saa saba. Wakiyakuta, hatauza."

"Lyle." Sauti ilishuka. "Nilikuchukua ukiwa huna hata mia. Usinifanye nijute. Shuka chini, mwambie Darlene afungue milango ya nyuma ya gari. Halafu rudi ubebe."

Alishuka. Maegesho yalijaa moshi. Darlene aliteremsha kioo.

"Mbona peke yako?"

"Masanduku sita ni karatasi tupu," alisema Lyle. "Ulijua?"

Darlene alikuwa anautazama mlango wa lifti kwenye kioo cha pembeni.

"Walinifukuza kwa kuuliza habari za kuponi," alisema mwishowe. "Ndiyo, nilijua. Matatu yanatosha watu wanne."

"Nilikuuliza jana habari za mama yangu. Ulikuwa umesimama palepale."

"Ningekwambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi. Nilihitaji mtu mwenye sura ya uaminifu. Dewey anafanana na tangazo la polisi." Uso wake ulilegea kidogo, ukakaza tena. "Pale kila mtu ameibiwa tayari, Lyle, hawajaambiwa tu. Nenda kachukue mzigo. Muda unakwenda."

Alipanda tena. Alikuwa na hasira, na hofu chini yake, na hakujua ipi inamsogeza miguu.

SAA TANO NA NUSU

Dewey alikuwa amekwenda kutafuta kitoroli. Fiore alikuwa chumba cha pili anamwandikia mtu wa hesabu stakabadhi kwa mwandiko mzuri wa mwenye duka. Bi. Edna alikuwa peke yake na masanduku.

"Mama," Lyle alisema, akaingia ndani ya nondo, "sisi si wakaguzi."

"Najua. Mkubwa wenu alikula."

"Mbona hukupiga simu polisi?"

"Nilikwenda kwa Bwana Ellsford apige yeye. Nimemtumikia baba yake, nimemtumikia yeye. Nikamwambia, bwana, mtu huyu amekula, huyu si mkaguzi." Alivua glavu moja, akaikunja. "Alicheka. Akasema hiyo ndiyo habari njema ya mwaka mzima. Nimekaa hapa tangu saa ile najiuliza ni mtu gani hufurahi mkaguzi akila."

"Matatu haya ndiyo kilichobaki cha watu. Mama yangu ni mmoja wao. Signe Amdahl, mtaa wa Indianola. Wakaguzi wa kweli wanafika saa saba. Nifungie humu nayo, mama. Fungia, uondoke na ufunguo."

Bi. Edna alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Umeosha shati hilo mwenyewe?" aliuliza.

"Mama aliliosha."

Alitoka. Akavuta nondo. Ufunguo ukazunguka mara mbili. Badala ya kuondoka aliuingiza ufunguo ndani ya sweta, akavuta kiti, akaketi mbele ya mlango, magoti pamoja.

"Ondoka, mama, wana bastola!"

"Hapa ndipo mahali pangu pa kazi," alisema.

Kitoroli kilikuja kikilia gurudumu moja. Dewey alisimama. Fiore akatokea nyuma yake na stakabadhi mkononi. Walitazama nondo, kiti, kibibi, na Lyle nyuma yao akiwa amekaa juu ya masanduku matatu.

"Toka humo," alisema Fiore.

"Nendeni, mzee. Bahasha unayo."

"Mnorwei mjinga!" Dewey alichomoa bastola. "Samaki mkavu wewe! Bibi, ufunguo. Ufunguo au nakumwaga ubongo."

Bi. Edna aliweka mikono juu ya magoti. Hakumtazama Dewey. Alimtazama Fiore.

"Ulisema Mungu anibariki mikono," alimwambia.

Fiore alifungua mdomo. Ilikuwa saa tano na nusu ya Jumatano, mali ilikuwa umbali wa mkono, gari lilikuwa linanguruma chini, na mtu yule hakuweza. Nimemjua Fiore tangu utotoni na nasema hakuweza. Mkate wa mama yule ulikuwa tumboni mwake.

"Shusha, Dewey."

"Mzee, umerogwa?"

"Nimekula mkononi mwake. Shusha."

"Mimi sikula!" Dewey alipiga kelele, na ilikuwa kweli, na ilimuuma. Akaelekeza mtutu juu ya kichwa cha Bi. Edna, katikati ya nondo, akafyatua.

Mlio ulijaa chumba. Lyle alihisi kama amepigwa teke la farasi nyongani, akaanguka kati ya masanduku. Fiore alimpiga Dewey kibao cha mchinjaji, bastola ikaserereka sakafuni. Kengele ilianza kulia jengo zima. Wakakimbilia ngazi.

Chini hapakuwa na gari. Labda Darlene aliusikia mlio, labda aliona muda umekwisha, lakini hakumsubiri mtu. Gari lilikutwa Omaha wiki ile. Yeye hajakutwa mpaka leo. Dewey alikamatwa akijaribu kupanda uzio kwa suti ya kubana. Fiore hakukimbia kabisa. Alisimama kwenye kona, theluji imemfika vifundoni, mpaka askari walipomfikia, na bahasha yenye jina la Ellsford ilikuwa ingali kifuani mwake. Bahasha ile ndiyo iliyomtia pingu Ellsford kabla ya jioni.

SAA SABA MCHANA

Mkaguzi wa kweli aliitwa Orville Tjaden. Alifika kwa wakati wake, na chupa yake ya kahawa chini ya kwapa. Alipita kati ya askari, akasimama kwenye nondo. Watu wa hospitali walikuwa wamemfunga Lyle kitambaa nyongani na walikuwa wanabishana juu ya machela.

"Kuna aliyeyagusa masanduku?" aliuliza Tjaden.

"Hakuna," alisema Bi. Edna. Sweta lake lilikuwa na damu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni muda wote, ameukandamiza mguu wa Lyle. Aliinuka kwa shida. Mazoea ni mazoea. Alifunua sinia. "Nimeoka leo, bwana. Imeshapoa."

"Asante, mama, hapana," alisema Tjaden.

Bi. Edna alianza kulia hapohapo, bila sauti, amelishika sinia.

Lyle alimvuta mkaguzi mguu wa suruali. "Mama yangu analipwa nao. Atalipwa?"

Tjaden alichuchumaa. Hakuwa mtu wa kutabasamu. "Kampuni naifunga leo," alisema. "Sitakudanganya. Kilichomo kwenye haya matatu kitagawanywa kwa wote. Atapata sehemu. Si nyingi."

"Kila tarehe mosi?"

"Kila tarehe mosi."

APRILI, FORT MADISON, SIKU YA WAGENI

Signe Amdahl alisafiri kwa basi kutoka Des Moines. Alikaa upande wa pili wa meza bila kuvua koti, mkoba juu ya magoti. Lyle alikuja akichechemea. Mama alitazama mguu, akatazama pembeni.

"Ilikuwa inalipa vizuri," alisema. "Miaka sita haijachelewa hata siku moja. Mkaingia nyinyi na bastola zenu, serikali ikaingia nyuma yenu, kampuni ikaanguka. Sasa napata theluthi. Lucia wa kona, theluthi. Kanisani wananipisha kwenye benchi kama nina upele. Mama wa jambazi aliyeangusha Ellsford."

"Mama, kuponi hazikuwa zimekatwa..."

"Kuponi gani? Usinitajie makaratasi. Baba yako alilipia bima ile miaka ishirini akiwa hana viatu vizuri."

Lyle alikuwa na majibu. Angeweza kumweleza. Angeweza kumwambia habari za Krismasi, za mashamba ya Arizona, za theluthi ambayo ingekuwa sifuri. Aliona vidole vya mama yake vyekundu kwa baridi, akaona asingesikia leo, labda asingesikia kamwe. Ilimchoma kuliko risasi.

"Lakini inakuja?" aliuliza.

"Nini?"

"Hundi."

"Inakuja. Tarehe mosi, na muhuri wa jimbo juu yake." Alifungua mkoba, akaufunga. "Chapati za viazi nilikupikia. Wamenizuia nazo mlangoni."

Kengele ya askari ililia. Signe alisimama, akafunga kifungo cha juu cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Alipiga hatua, akarudi. Alimshika shavu mwanawe, kwa nguvu, kama anayetaka kumfinya.

"Umekonda," alisema. "Unakula humu?"

"Nakula, Mama."